Chemba Zilizofukiwa Mchangani

Siku karo la majitaka la shule lilipofurika nilikuwa darasani, kidato cha tatu, nafundisha bakteria. Nilikuwa nimewachora ubaoni kwa chaki: wale wa duara, wale kama vijiti, wale waliojisokota. Matroni wetu akaingia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, njoo uone. Maji yanatoka ardhini."

Newala si mji wa kutokewa na maji ardhini. Huku juu ya uwanda maji ndiyo shida yetu ya kila mwaka. Bomba likitoa leo, unajaza hadi vikombe vya chai, maana hujui litatoa tena lini. Kwa hiyo niliacha chaki, nikamfuata mbio mbio kama mtu aliyeitiwa sherehe.

Haikuwa sherehe. Nyuma ya bweni, karibu na kamba za kuanikia nguo, maji meusi yalikuwa yanachuruzika polepole kutoka kwenye nyasi na kuelekea jikoni. Ilikuwa Machi, mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumzika, na mchanga wetu mwekundu, ambao kwa kawaida hunywa kila kinachomwagwa, ulikuwa umekataa. Wapishi walikuwa wamesimama mlangoni na miiko yao ya kusongea ugali mkononi, wanatazama.

Nilikuwa mwalimu wa afya na mazingira. Cheo hicho nilipewa kwenye kikao ambacho sikuhudhuria, na mpaka siku ile kazi yake ilikuwa kuhesabu mifagio. Nikaenda kwa mkuu wa shule, mama mtaratibu ambaye alikuwa amehamia kwetu mwaka mmoja nyuma.

"Mkuu, karo limejaa. Inabidi liitiwe gari la majitaka."

"Liite."

"Karo lenyewe liko wapi?"

Akaniangalia. "Mwalimu, mimi nimeikuta shule ina vyoo. Sikuuliza vinakokwenda."

Hata mimi sikuwahi kuuliza. Miaka kumi na moja nilikuwa pale. Kila asubuhi wasichana mia kadhaa waliingia vyooni na ndoo zao, wakamwaga maji, wakatoka kwenda mstarini, na hakuna hata mmoja wetu, walimu wenye shahada, aliyejua maji yale yalipita wapi. Tulifungua kabati la ofisini tukatafuta ramani ya majengo. Faili tulilipata. Mchwa walikuwa wamelisoma kabla yetu, wakabakiza jalada.

Nikampigia simu dereva wa gari la majitaka, ambaye kituo chake kiko Masasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mifuniko ya chemba mmeiona?"

"Bado."

"Basi itafuteni kwanza. Nikipandisha gari hadi Newala nikakuta mnapapasa, nitageuza. Huku nako watu wananisubiri."

Siku mbili vibarua wawili walichimba kwa kubahatisha. Uwanja wa nyuma ukawa na mashimo kila mahali, kama shamba lililopitiwa na wawinda panya. Maji yalizidi. Tukahamishia mapishi upande wa mbele, tukafunga nusu ya vyoo, na mkuu akaanza kuzungumzia kuwarudisha wasichana makwao. Mpishi mkuu ndiye aliyetuokoa. Alikuja akiwa anajifuta mikono kwa kanga.

"Fundi aliyejenga vyoo hivi alishafariki," akasema. "Lakini mke wake yuko Kitangari, kwa binti yake. Yeye ndiye aliyekuwa anachota maji ya kukorogea zege. Mimi nilikuwa mdogo, nilimwona."

Nikapanda bodaboda hadi Kitangari siku hiyo hiyo. Nilimkuta bibi ameketi barazani, mfupi, mkavu, shingo imenyooka, anamenya mihogo pamoja na binti yake, mwanamke wa makamo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo pakavu."

Nikaeleza nilikotoka. Akaendelea kumenya.

"Mzee wangu alishatangulia. Unamtaka wa nini?"

"Nimeambiwa ndiye aliyejenga vyoo vya shule ya wasichana."

"Alijenga yeye," akasema, "kwa maji yangu."

Ndipo akanihadithia. Shule ilipojengwa hapakuwa na bomba. Zege lilihitaji maji, na maji yalikuwa bondeni, chini ya ukingo wa uwanda, kwenye chemchemi unayoiona ukisimama juu ukitazama upande wa Ruvuma. Waliajiriwa wanawake sita. Waliteremka alfajiri, wakapanda ule mteremko na ndoo kichwani, wakamwaga kwenye pipa la mafundi, wakateremka tena. Safari mbili kutwa, msimu mzima wa kiangazi.

"Nilikuwa na mimba ya huyu," akasema akimwonyesha binti yake kwa kisu. "Mzee wangu alikuwa ananionea huruma, lakini zege halina huruma. Likikauka kabla ya kushiba maji, linapasuka."

"Bibi, unakumbuka chemba zenye mifuniko, za kwenye njia ya bomba, zilikuwa ngapi?"

"Saba. Na karo lenyewe. Na shimo la mwisho, ardhi inakonywea maji."

"Na zilipo, unapakumbuka?"

Akaacha kumenya. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anawakumbuka watoto wake.

"Mwanangu, maji ya kubeba kichwani huyasahau yalikomwagwa?"

Kesho yake alikuja na binti yake, amevaa kanga mpya na raba za mjukuu. Nilikuwa nimewaandaa vibarua, na mkuu mwenyewe alikuwepo. Bibi akasimama katikati ya uwanja wa nyuma, akageuka huku, akageuka kule. Muda ukapita. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, maana kila kitu kilikuwa kimebadilika tangu siku zake: bweni la pili halikuwepo, ukuta haukuwepo, mikorosho ile mikubwa haikuwepo.

"Njia yetu mmeiziba," akasema hatimaye.

"Njia gani, bibi?"

"Ya kutokea bondeni."

Akatoka kwa lango la nyuma, sisi nyuma yake. Akatembea kando ya ukuta akiangalia chini hadi mahali penye kijia chembamba kilichokuwa kinapanda kutoka kwenye mteremko. Hapo akageuka, akalipa bonde mgongo. Akainua mkono wa kulia akaushika juu ya kichwa chake, kama anazuia ndoo isiyokuwepo. Shingo ikanyooka zaidi. Akaanza kutembea.

Hakutembea kama bibi wa Kitangari. Alitembea haraka, hatua fupi fupi zilizo sawa, magoti yamelegea kidogo, macho mbele. Ukutani akasimama, tukamzungusha kupitia langoni, akarudi mahali palepale upande wa ndani na kuendelea kana kwamba ukuta ulikuwa upepo tu. Alikuwa anasema peke yake, kwa Kimakonde, na binti yake akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini: hapa tulikuwa tunapumzika, hapa mwenzetu mmoja aliteleza, ndoo ikamwagika, akalia, hapa palikuwa na pipa. Alipofika kwenye pipa, akashusha mkono. Akavuta pumzi. Akahesabu hatua kushoto, akapiga kisigino chini.

"Chimba."

Vibarua walichimba hadi magotini. Hapakuwa na kitu ila mchanga mwekundu. Mmoja akaniangalia kwa pembe ya jicho. Kisha jembe likagonga: ngo!

Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Wasichana waliokuwa wanachungulia madirishani, ambao walipaswa kuwa wanafanya zoezi la hesabu, wakapiga vigelegele. Tukafagia mchanga kwa mikono. Mfuniko wa zege, mkubwa kama meza ya mwanafunzi, na vishikio viwili vya chuma vilivyoliwa na kutu.

Bibi hakushangilia. Alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye ya pili.

Aliipata ya pili, ya tatu, ya nne, bila kukosea hata upana wa jembe. Ya tano ilikuwa chini ya ngazi za bweni la pili. Waliojenga bweni hawakujua, au walijua wakanyamaza. Ya sita ndiyo iliyotutesa. Alipiga kisigino karibu na mkorosho mmoja mnene, wakachimba, hakuna. Wakachimba tena. Mkuu akasema kwa upole kwamba labda hapo amesahau kidogo, si vibaya, miaka ni mingi. Bibi akaketi chini kwenye mchanga.

"Chimbeni," akasema. "Mimi nipo."

Ilikuwa pale pale, chini zaidi, mfuniko wake umepasuka na kudidimia. Tulipouinua tulirudi nyuma wote. Chemba yote ilikuwa imejaa mizizi. Mizizi myembamba, myekundu, maelfu kwa maelfu, imejisuka kama nywele, imeingia kwenye bomba na kulijaza hadi tone la maji lisipite. Mkorosho ulikuwa umenusa maji kutoka mbali, katika nchi hii yenye kiu, ukayafuata gizani mwaka baada ya mwaka hadi ukayafikia. Nilikuwa nimeijua mikorosho maisha yangu yote. Nimeokota korosho, nimekula mabibo hadi nguo zikaharibika. Sikujua kwamba ina nguvu ya namna ile.

"Mti hauna kosa," bibi akasema. "Na wenyewe ulikuwa unachota."

Chemba ya saba, karo lenyewe na shimo la mwisho tulivipata kabla ya adhuhuri. Vibarua walipokwisha kukata mizizi kwa mapanga na maji kuanza kupita, bibi akanivuta kanga.

"Mwalimu, hivyo vyoo, naweza kuviona?"

Nikagundua kwamba hakuwahi kuingia. Kazi ilipoisha walilipwa wakaondoka, na wasichana wakaja. Nikampeleka. Akaangalia vigae, akagusa ukuta, akachungulia tundu. Nikamwambia amwage maji. Akainua ndoo kwa mikono miwili, akamwaga yote, akasikiliza yanavyoteremka. Halafu akatoka mbio, naam, mbio, kwenda chemba ya kwanza iliyokuwa wazi, akainama, na maji yake yakafika. Yakapita. Akakimbilia ya pili. Yakafika. Bibi huyu wa miaka sabini na kitu alikimbia na maji yake chemba hadi chemba huku binti yake akimfuata akisema, "Mama utaanguka, mama taratibu," na sisi wengine tumesimama, hakuna aliyecheka.

Gari la majitaka lilipanda siku iliyofuata. Bibi alikuwa amelala kwa matroni, amekataa kurudi Kitangari kabla ya kuona mwisho. Dereva alikuwa mtu mzima, kofia nyeupe kichwani, mikono misafi kuliko yangu. Akateremka na msaidizi wake, akaangalia karo lililo wazi, akapapasa ukingo wa zege.

"Hili limejengwa na mtu," akasema.

"Huyu hapa ni mke wake," nikamwambia.

Akavua kofia. "Shikamoo, mama. Nimeona makaro mengi, mapya, yamepasuka katikati kama boga. Hili halina ufa."

"Marahaba, baba," bibi akasema. "Lilinywa maji vizuri."

Mpira wa kunyonyea ukashushwa, mashine ikaunguruma, na tangi la gari likajaa, karo likiwa bado halijapungua hata nusu. Ingebidi arudi mara mbili zaidi. Nikamuuliza anakokwenda kuyamwaga.

"Mabwawani, Masasi. Hujawahi kufika?"

"Sijawahi." Nimezaliwa Masasi. Nimesoma Masasi.

"Msaidizi wangu anabaki hapa kulainisha tope. Nafasi ipo. Panda uone."

Kabla sijajibu, bibi alikuwa ameshashika mlango wa gari. "Maji nimeyachota mimi," akasema. "Sijawahi kuona yanakoishia."

Mkuu akaturuhusu. Tukashuka kutoka uwandani taratibu, gari zito, dereva akitumia gia zaidi kuliko breki. Njiani watu walituona wakaziba pua. Dereva hakujali.

"Wakiniona barabarani wananikimbia," akasema. "Wakifurikiwa nyumbani wananiita baba."

Vilima vya mawe vya Masasi vilipoanza kuonekana, tukaacha lami, tukafuata njia ya vumbi nje ya mji hadi kwenye uzio. Mlinzi wa mabwawa, mwanamume mwenye buti za mpira, akatufungulia. Nilikuwa nimeshajifunga mtandio puani. Nilitarajia jehanamu.

Bwawa la kwanza lilikuwa karibu na nilichotarajia. Jeusi, zito, na gari letu lilipomwaga ndani yake harufu ilinitoa machozi. Lakini nilipozoea kidogo nikaona kitu. Bwawa lilikuwa linachemka. Mapovu madogo madogo yalikuwa yanapanda kutoka chini kila mahali, yanapasuka, yanapanda mengine.

"Moto uko wapi?" bibi akauliza.

"Hakuna moto, bibi," mlinzi akasema. "Ni wadudu wadogo wasioonekana. Wako chini, wanakula."

Nikasimama pale na mtandio wangu. Wadudu wale nilikuwa nimewachora kwa chaki tangu naanza kazi. Nilikuwa nimewatungia maswali ya mtihani, nimewakata alama wasichana waliokosea majina yao. Kumbe sikuwahi kuwaamini. Niliwajua kama mtu anavyoijua nchi aliyoisoma kwenye ramani. Na sasa walikuwa mbele yangu, wengi kuliko chochote ninachoweza kukisema, wanafanya kazi ambayo hakuna binadamu angeifanya, hawana mshahara, hawana zamu, na kila povu lililopasuka lilikuwa pumzi yao.

Mlinzi akatupeleka bwawa la pili. Maji yanafika huko yenyewe kwa mteremko. Hapakuwa na pampu wala waya wa umeme. La pili lilikuwa kijani, kijani cha majani machanga ya muhogo. La tatu lilikuwa limekaa kimya chini ya kilima cha mawe, na mawingu yalikuwa yanaonekana ndani yake. Bata maji walikuwa wanaogelea na vifaranga. Kereng'ende walikuwa wanatua kwenye matete. Nikagundua kwamba mtandio ulikuwa umeanguka mabegani na sikuwa nimeuona ukianguka.

"Mashine yenu ni ipi?" nikamuuliza mlinzi.

"Jua," akasema. "Na siku. Hapa hakuna haraka. Ukiyaharakisha, hayawi."

Mwisho wa la tatu maji yalipita kwenye kokoto na matete, yakatokea upande wa pili kwenye mfereji mdogo, yakaenda kwenye shamba la miti. Bibi akachuchumaa pembeni ya mfereji. Akaweka mkono karibu sana na maji bila kuyagusa.

"Si ya kunywa, bibi," mlinzi akasema haraka.

"Najua, mwanangu. Sina kiu. Naangalia tu."

Aliangalia muda mrefu. Dereva alikuwa amemaliza kuosha mpira na alikuwa na safari nyingine, lakini hakupiga honi. Alisimama kando ya gari, kofia mkononi. Nilitaka kumuuliza bibi anawaza nini. Nikajizuia, na nashukuru, maana baadaye alisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mihogo:

"Sikuwa nimejua kwamba kazi ile ilikuwa kubwa hivi."

Karo lilimalizika safari ya tatu. Mkorosho ule ulikatwa. Mpishi mkuu alisikitika kuliko alivyosikitikia jiko lake, maana ulikuwa unazaa sana. Bomba la chemba ya sita likabadilishwa, mifuniko yote ikainuliwa usawa wa ardhi na kupakwa rangi nyeupe. Nikachora ramani mwenyewe, nikaenda nayo Kitangari ili bibi aihakiki. Hajui kusoma, lakini alinisahihisha mahali pawili.

Sasa kila mwaka nawapeleka kidato cha tatu Masasi kuona mabwawa, kabla sijawachorea chochote ubaoni. Wanashuka kwenye basi wamejifunga pua, wanasukumana, wanacheka. Mwaka jana msichana mmoja mkimya, ambaye darasani hainui mkono hata kidogo, alibaki nyuma ya wenzake kwenye bwawa la tatu. Nikamfuata kumhimiza.

"Madamu," akaniuliza, "kwa hiyo sisi wote tumo humu? Shule nzima?"

"Wote. Na wa kabla yenu. Na hospitali, na soko, na mimi."

Akawatazama bata wakipita na vifaranga wao.

"Mbona pazuri," akasema.